Ngoma Mbele ya Mtahini

Msomaji, liko swali ambalo wazazi hawaachi kuniuliza, na ambalo kwa miaka kadhaa nililijibu upesi kuliko ilivyonipasa. Mzazi huja na mwanawe, mtoto amekwisha kununuliwa mikwiro miwili na kipande cha mpira cha kujizoezea, na mzazi huuliza: Je, mtoto huyu atiwe katika mitihani ya madaraja ya muziki, daraja la kwanza hata la nane, au aachwe ajifunze ngoma kama watu walivyojifunza tangu zamani, kwa kukaa karibu na wanaoijua? Swali hilo lina fedha ndani yake, kwa kuwa ada ya mtihani, vitabu vyake na masomo yake si haba. Lakini lina jambo zito kuliko fedha. Aulizaye hayo anataka kujua ngoma ni kitu gani, na ni nani mwenye haki ya kusema kwamba fulani anaijua.

Jibu langu lilikuwa, "Mtie mtihanini." Leo nataka kuipima mitihani hiyo mbele yako kama mtu apimavyo kitabu: nitazame imetungwa na akina nani, kwa ajili ya nani, inasema nini, na inanyamaza wapi.

Asili yake ni Uingereza ya karne ya kumi na tisa. Chuo cha Trinity cha London kilianzishwa mwaka 1872, na kutahini kwake kulianza mwaka 1877. Mwaka 1889 vyuo viwili vya kifalme vya mji ule, Royal Academy of Music na Royal College of Music, viliungana kuunda bodi moja ya kutahini, ambayo hata leo hujulikana kwa herufi zake, ABRSM. Zama zile piano ilikuwa fahari ya nyumba ya mtu mwenye uwezo. Walimu wa piano walikuwa wengi, wema na wabaya, na mzazi asiyejua muziki hakuwa na njia ya kuwapambanua. Bodi ilimpa njia. Mgeni asiyemjua mtoto, wala mwalimu, wala ukoo, aliketi, akasikiliza, akaandika alichokisikia. Mitihani hiyo ikafuata njia za meli na za reli mpaka katika makoloni. Nairobi ilipata chuo chake cha muziki mwaka 1944, kiitwacho sasa Kenya Conservatoire of Music, na watoto wengi wamepita humo wakienda kukutana na mgeni huyo mwenye kalamu.

Tafadhali angalia kwamba nimesema piano. Mpiga piano huketi peke yake, huufanya wimbo na sauti za kuuandamia kwa mikono yake miwili, na akimaliza, kazi imemalizika. Mtihani wa madaraja ulikatwa kwa kipimo chake, na ala nyingine zikavikwa nguo hiyo baadaye. Nyingine iliziketi vizuri. Ngoma ilivikwa karibu mwisho. Seti ya ngoma ambayo vijana huiita dramu, yaani ngoma kubwa ipigwayo kwa mguu, ngoma ndogo yenye nyuzi za chuma chini yake, na matoazi, haikupewa heshima na watahini mpaka karne ya ishirini ilipokaribia kwisha. Bodi iitwayo Rockschool, iliyojitolea kwa muziki wa bendi za siku hizi, ilianza mwaka 1991 tu.

Hata hivyo ngoma ilikuwa na mtihani mwingine kabla ya hapo, nao ulitoka jeshini. Majeshi ya Ulaya na ya Marekani yalitumia ngoma ndogo kutoa amri: amkeni, kusanyikeni, songeni mbele, rudini. Amri hairuhusu tafsiri mbili. Mpigaji wa kikosi hiki sharti apige sawasawa na mpigaji wa kikosi kile, la sivyo askari watakwenda kusikotakiwa. Kwa hiyo mapigo yalipangwa, yakapewa majina, yakahesabiwa. Mwaka 1933 huko Chicago kikaundwa chama cha wapigaji wa namna hiyo, nao wakachagua mapigo kumi na matatu ya msingi ambayo mtu alitakiwa kuyajua ndipo aingizwe chamani. Baadaye yakawa ishirini na sita, na mwaka 1984 chama kingine cha Marekani, Percussive Arts Society, kikatangaza arobaini. Mwanafunzi wa dramu akipiga leo kulia, kushoto, kulia, kulia. Kisha kushoto, kulia, kushoto, kushoto, pigo liitwalo paradidili, anakariri somo la askari.

Silisemi hili kwa kulidharau. Paradidili ni pigo la akili sana. Huufundisha mkono wa kushoto kwamba nao ni mkono. Lakini jambo hili latufahamisha kwa nini ngoma ya jeshi ilitahinika kwa urahisi: tangu kuzaliwa kwake ilitaka mikono yote ifanane. Ngoma ya kuchezwa, ile ambayo babu zetu waliipa jina moja na mchezo wenyewe hata katika Kiswahili mtu akisema "twende ngomani" hatujui kama anakusudia chombo au shughuli, haikutaka mikono ifanane. Ilitaka mikono ijibizane.

Sasa tufungue mtihani wenyewe. Katika utaratibu ambao Trinity imeutumia kwa miaka mingi kwa seti ya ngoma, mtahiniwa hupiga vipande vitatu, kila kimoja kikiwa na alama 22. Hufuata kazi ya ufundi wa mikono yenye alama 14. Kisha majaribio mawili mafupi yenye alama 10 kila moja. Jumla ni 100, na mwenye 60 amefaulu. Katika mtihani wa kawaida wa ABRSM kwa ala za kupigwa jumla ni 150, na kufaulu ni 100. Humo kusoma nota papo kwa papo, yaani kupiga kipande ambacho hujapata kukiona, kuna alama 21, na majaribio ya masikio yana alama 18. Nimezitaja hesabu hizi kwa kusudi, kwa sababu mtunga mtihani husema anachokithamini kwa alama zake kuliko kwa maneno yake. Jicho lina 21. Sikio lina 18. Tofauti ni ndogo, na huenda wakubwa wa bodi wakaniambia kuwa si kitu. Lakini ningependa kumwona mzee wa ngoma mahali po pote katika Afrika atakayekubali kulitanguliza jicho mbele ya sikio kwa alama hata moja.

Vile vipande vitatu ndivyo kiini cha mtihani. Baadhi yake mtahiniwa huvipiga peke yake. Vingine huvipiga pamoja na bendi iliyokwisha kurekodiwa: kinasa sauti huwashwa, gitaa na piano husikika, na mtoto huingia mahali palipoandikwa aingie. Nimeketi nyuma ya wanafunzi wengi wakijizoeza hivyo. Kwa mwezi wa kwanza ni msaada mkubwa, kwa sababu sauti ile haichoki wala haikasiriki. Mtoto aliyezoea kuharakisha kila afikapo penye shamrashamra huadhibiwa mara moja, kwani bendi humwacha peke yake. Hakuna mwalimu aliyenifundishia wanafunzi kutunza mwendo vizuri kuliko sauti ile.

Na hapo ndipo ubaya wake ulipo pia. Bendi ile haimsikii mpigaji. Akipiga kwa moyo au kwa uvivu, gitaa litasema neno lile lile kwa sauti ile ile. Akikosea, hakuna wa kumfunika. Akivumbua jambo zuri, hakuna wa kuliitikia. Mtoto akijizoeza hivyo miaka minane hujifunza pasipo kuambiwa kwamba muziki ni kitu kilichokwisha kutendeka mahali pengine, na kazi yake ni kutokipotea. Hujifunza kufuata. Mpiga ngoma, nionavyo, huwa amefuata na kuongoza kwa wakati mmoja, na sijapata kuiona alama iliyotengwa kwa jambo hilo.

Linganisha na isukuti ya Waisukha na Waidakho wa Kakamega. Ngoma zake huwa tatu pamoja, kubwa, ya kati na ndogo, na jina la mchezo limetokana nazo. Hufuatana na pembe ya mnyama na njuga za chuma. Hupigwa penye kuzaliwa mtoto, penye arusi, penye mazishi na penye sherehe za nchi. Mwaka 2014 shirika la UNESCO liliiandika katika orodha ya mila zinazohitaji kuhifadhiwa kwa haraka, na katika hilo kuna onyo kwetu, maana kitu hakiandikwi katika orodha ile kama kingali na vijana wa kutosha. Mtu akiitazama isukuti ataona kwamba hakuna ngoma moja yenye wimbo wote. Ngoma ndogo ikipigwa peke yake ni kama kusikia upande mmoja wa mazungumzo mlangoni. Miguu ya wachezaji ni sehemu ya wimbo, na kiongozi wa kuimba akirefusha ubeti, ngoma zote tatu hurefuka pamoja naye. Utampa nani kati yao cheti cha daraja la tano?

Hapa sina budi kukusimulia jambo lililonitoa katika usingizi wangu.

Chuoni kwetu, ambako tunawaandaa walimu, alikuja kijana mmoja kutoka pande zile za Kakamega. Alikuwa amepiga isukuti pamoja na wajomba zake tangu mikono yake ilipoweza kuizunguka ngoma. Nilimpenda upesi, nikamwambia kwamba kipaji kisicho na cheti ni kama shamba lisilo na hati, nikamtia katika masomo ya dramu kwa ajili ya mtihani wa daraja la nne. Alijifunza kusoma nota kwa miezi tisa. Siku ya mtihani alipiga vipande viwili vizuri. Katika cha tatu palikuwa na mistari minne inayorudiwa. Mara ya pili hakuirudia, aliijibu. Aliacha pengo mahali palipokuwa na pigo, akaweka pigo mahali palipokuwa na pengo, hata mimi niliyekuwa nje ya mlango nikatabasamu. Hakufaulu.

Karatasi ya mtahini ilipokuja niliisoma kwa hasira, kisha nikaisoma tena kwa aibu. Kuhusu kipande cha tatu iliandikwa kwamba mtahiniwa ameyaacha yaliyoandikwa. Hilo lilikuwa kweli. Sheria ni sheria, na mtahini hakuitwa kuhukumu kitu kingine. Lakini chini yake palikuwa na maneno mengine: kwamba mkono wa kushoto ni dhaifu na huchelewa kidogo kila mwendo unapozidi. Nilikuwa nimemfundisha kijana yule miezi tisa sikuliona. Wajomba zake walimsikia miaka kumi na miwili hawakumwambia. Nilipokwenda kwao wakati wa likizo nilimwuliza mkubwa wao, "Mzee, mlijua kwamba mkono wake wa kushoto unachelewa?" Akacheka, akasema, "Mwalimu, tulijua. Ndiyo maana tulimweka katikati."

Jibu lile limekaa nami. Katika ngoma tatu udhaifu wa mmoja huwa nafasi ya mwingine, na pengo la kushoto kwake lilijazwa na aliyesimama kando yake hata likawa tamu. Kwao lilikuwa jambo la kupangwa tu. Katika chumba cha mtihani, mahali asipokuwapo mtu wa kando, liligeuka kuwa kosa. Nani aliyesema kweli? Nimelifikiri sana, na naona wote wawili. Wajomba walisema kweli juu ya ngoma. Mtahini alisema kweli juu ya mkono. Kosa lilikuwa langu, kwa kuwa nilimwambia kijana kwamba yule wa pili angemwambia yote.

Nalo kosa langu lilizidi hapo. Mwaka uliofuata chuo kilihitaji mwanafunzi wa kuongoza kikundi chetu cha ngoma. Mbele yetu palikuwa na kijana huyo asiye na cheti, na msichana mwenye cheti cha daraja la tano. Nilimpigia kura mwenye cheti, nikaamini kwamba nimetenda haki kwa sababu nimetumia kipimo. Msichana yule alikuwa na mikono safi ajabu. Lakini penye arusi ya mmoja wa walimu, wachezaji walipoongeza mzunguko bila taarifa, yeye alimaliza mahali alipojizoeza kumalizia, na wanawake kumi na wawili wakabaki wameinua miguu juu ya ukimya. Alilia jioni ile. Kijana naye alikuwa amesimama nyuma ya watu, mikono mifukoni. Alikuwa amekwisha kuacha ngoma tangu siku ya kura. Niliwapoteza wawili kwa kalamu moja.

Sasa, msomaji, usifikiri kwamba nakuvuta upande wa kuichoma mitihani. Wako waandishi wanaoimba sifa za zamani kana kwamba zamani haikuwa na kufuli. Kujifunza kwa kukaa karibu na wanaojua ni kuzuri kwa aliyeruhusiwa kukaa karibu. Je, wasioruhusiwa? Nchini Burundi, ambako ngoma za kifalme ni utukufu wa taifa na ziliorodheshwa na UNESCO mwaka 2014, amri ya rais ya mwaka 2017 iliwakataza wanawake kuzipiga. Rwanda nako kupiga ngoma kulihesabiwa kazi ya wanaume, mpaka mwaka 2004 Odile Gakire Katese alipoanzisha kikundi cha wanawake wapiga ngoma kiitwacho Ingoma Nshya. Yule msichana wa chuo chetu aliyelia jioni ya arusi, kijijini kwao asingeketi kamwe penye ngoma. Mtahini ndiye mtu wa kwanza aliyemsikiliza bila kuuliza ni binti wa nani na ametafuta nini mahali pa wanaume. Sitamnyang'anya heshima hiyo kwa ajili ya nadharia zangu.

Yuko na Evelyn Glennie wa Scotland, ambaye alikuwa amepoteza kusikia kwake kwingi kabla ya kutimiza miaka kumi na miwili, na ambaye hupiga bila viatu ili apokee mtetemo wa sauti kwa miguu. Alipoomba kuingia Royal Academy of Music walimkatalia mwanzoni, si kwa kuwa alipiga vibaya, bali kwa kuwa hawakujua kesho ya mwanamuziki kiziwi itakuwaje. Akawataka wamhukumu kwa kupiga kwake tu. Wakamsikiliza mara ya pili, wakamwingiza, na mwaka 2015 alipewa tuzo ya Polar ya Sweden. Hapo mtihani, ulipofanywa kwa uaminifu, ulishinda dhana.

Tena kitu kikaacho mikononi tu chaweza kupotea pamoja na mikono. Katika jumba la Kabaka wa Buganda palikuwa na entenga, safu ya ngoma kumi na mbili zilizowambwa hata kila moja ikawa na sauti yake kama mbao za marimba, zikipigwa na watu wanne, na ngoma tatu nyingine kubwa zikipigwa na wawili. Vijana walijifunza kwa kutazama mikono ya waliowatangulia. Mwezi wa Mei mwaka 1966 jeshi la serikali lilishambulia jumba lile, Kabaka akakimbia, na wapigaji wakatawanyika. Ustadi wa vizazi vingi ukabaki katika vifua vya wazee wachache. Hakuna atakayeniambia kwamba kuandika hakuna maana baada ya hayo. Wala nisiambiwe kwamba ngoma ya Kiafrika haiandikiki: A. M. Jones aliiandika katika kitabu chake cha mwaka 1959, kwa msaada wa mpiga ngoma wa Kiewe aitwaye Desmond Tay na mashine iliyochora kila pigo juu ya karatasi iendayo. Mapigo yaandikika. Kilichobaki nje ya karatasi ile ni mchezaji.

Basi tufanyeje? Nimepata mwanga kutoka mahali ambapo sisi wa Afrika Mashariki hatupatazami mara nyingi, ingawa tumeishi napo jirani moja. Wahindi wana tabla, ngoma mbili ndogo ambazo watu wa pwani wanazijua vizuri kwa kuwa zimeingia katika taarab. Tabla ilifundishwa zamani ndani ya nyumba za ukoo, kwa siri nyingi kuliko zetu. Mwaka 1901 mwimbaji Vishnu Digambar Paluskar alifungua chuo katika mji wa Lahore, Gandharva Mahavidyalaya, ili muziki ufundishwe mtu ye yote, na chama kilichotokana na kazi yake kiliundwa mwaka 1931, nacho hutoa mitihani ya madaraja mpaka leo, tabla ikiwamo. Mitihani, alama, vyeti, yote yako. Lakini watunzi wake walikuwa wenye ngoma wenyewe, na jambo hilo huonekana mara moja. Kila pigo la tabla lina silabi yake, dha, dhin, na, tin, na mtahiniwa hutakiwa kuutamka mzunguko kwa kinywa huku akiupimia kwa makofi kabla mikono yake haijaaminiwa. Katika mzunguko wa mapigo kumi na sita, robo ya tatu haifunguliwi kwa kofi. Hufunguliwa kwa kupunga mkono hewani, ili mahali patupu pawe na alama yake. Nilipouona mtihani ule mara ya kwanza nilijisemea: hawa wameutahini utupu! Walijua kwamba katika ngoma yao ukimya ni sehemu ya sauti, wakaupa alama.

Hilo ndilo lawama langu kwa mitihani yetu, na ni lawama dogo kuliko wengine wanavyotaka na kubwa kuliko bodi zitakavyopenda. Sidai kwamba kupima ni dhambi. Nadai kwamba tumekopa kipimo kilichotengenezwa na watu wengine kwa ajili ya ala nyingine, na hatujakaa chini kutengeneza chetu. Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza mwaka 1927, lilikaribia. Huko ngoma huja na wachezaji wake, na waamuzi huona miguu na mikono pamoja. Lakini huko hupimwa kikundi, kwa dakika zilizohesabiwa, na mtoto hurudi nyumbani na kombe la shule bila kuambiwa neno juu ya mkono wake wa kushoto. Mtihani mmoja humwona mtu pasipo ngoma. Mwingine huiona ngoma pasipo mtu.

Kama ningepewa ruhusa ya kuongeza sehemu moja tu katika mtihani wa madaraja, ningemweka mchezaji mmoja chumbani. Asiwe na kazi nyingine ila kucheza, na aruhusiwe kufanya hila tatu: aongeze mzunguko, apunguze mwendo, asimame ghafula. Mpigaji aliyetazama atasimama naye. Mtahini hatahitaji kamusi kuandika alichokiona. Tangu mwaka 2020 bodi zimekubali kupokea mitihani iliyorekodiwa kwa video, mtoto akipigia mbele ya kamera nyumbani kwake, na faida yake kwa walio mbali na Nairobi ni kubwa, sikatai. Lakini naona mchezaji wangu amesogezwa mbali zaidi.

Mwezi uliopita mzazi mwingine alinijia na binti wa miaka kumi na mmoja. Swali lilikuwa lile lile. Nilimwomba binti apige kipande alichojifunza. Alipokianza niliinuka, nikaenda kwa mwendo wa mapigo yake kutoka dirishani mpaka mlangoni, na katikati ya njia nikasimama. Yeye aliendelea, macho kitabuni, mpaka mstari wa mwisho, alipiga vizuri. Nikamwomba akifunge kitabu, apige cho chote apendacho, nikaenda tena. Nilipofika mbele ya ubao nikasimama ghafula. Mikwiro yake ilibaki hewani. Akanitazama kwa mashaka, akauliza, "Nimekosea, mwalimu?"

Nilimwambia baba yake amwandikishe daraja la pili. Nikamwandikia pia, nyuma ya karatasi ile ile ya ada, jina la kikundi cha ngoma kinachokutana mtaani kwao kila Jumamosi, saa tisa alasiri, chini ya mwembe ulio nyuma ya soko.